Maneno Kumi kwa Siku

Mwalimu wa watu wazima kijijini kwa shangazi yangu alikuwa na saa ya mfukoni, soksi ndefu za kijivu, na imani moja tu: kwamba neno jipya huingia kichwani likisemwa mara ishirini. Saa ilikuwa imesimama tangu siku niliyomfahamu. Soksi zilikuwa nzuri. Imani yake ndiyo niliyotamani kuichukua niitupe korongoni.

Hii ilikuwa milimani juu ya Same, upande wa Suji, enzi za Waingereza. Nyumbani watu walizungumza Chasu, lugha ya Wapare, tangu kuamka hadi kulala. Kiswahili kilikuwa lugha ya sokoni, ya karani, na ya watu waliokwenda bondeni wakarudi na viatu. Serikali ikaamua kwamba wazee na akina mama nao wasome. Ikaleta ubao, sanduku la vitabu vyembamba, na mwalimu huyu, ambaye kila alasiri aliwakusanya wanawake tisa na wazee wawili katika chumba cha shule na kuandika ubaoni maneno kumi. Hakuyachagua yeye. Yalikuwa yamepangwa kitabuni na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kupanda mlima wowote: meli, bandari, karafuu, mnara, posta, zulia. Wanafunzi wakayasema mara ishirini, wakaenda nyumbani kupika magimbi, na kesho yake yakaandikwa mengine kumi.

Mimi niliacha shule darasa la tatu, kwa hiari yangu. Nilitumwa kuchukua chaki, nikaona lori la mkonge limesimama barabarani, nikapanda. Tangu hapo nilikuwa nimefanya kazi za watu wengi bila kudumu katika hata moja. Nilikata mkonge Makanya, nilipakua magunia stesheni ya Same, nilimshikia mnyororo mpima ardhi aliyekuwa akipima nchi ya wengine. Kila nilipofika niliuliza: hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje, na kwa nini. Wenye kazi walinichoka upesi. Lakini Kiswahili nilikijua, na hakuna aliyeniandikia ubaoni.

Nilipochokwa bondeni nilikuwa napanda kwa shangazi, dada wa baba yangu, aliyeolewa huko juu na kufiwa na mume.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wamekufukuza au umeondoka?"

"Nimeondoka."

"Wamekufukuza. Haya, kuni ziko pale."

Ndivyo tulivyosalimiana kwa miaka.

Mwaka ninaousimulia nilimkuta na shauri. Shamba lake la chini, la mahindi na maharage, lilipata maji ya kiangazi kutoka kwenye mfereji uliotoka ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo lililo juu ya kijiji. Linajaa usiku, linafunguliwa asubuhi. Mfereji ulishuka mteremkoni, na njiani ulikuwa na malango saba, mahali ambapo mwenye zamu hutoa udongo na mawe, maji yakaingia shambani kwake. Kila lango lilikuwa na jina tangu babu zao: Lango la Jiwe, Lango la Mkuyu, Lango la Ndama, na kuendelea. La shangazi lilikuwa la nne, nalo liliitwa Lango la Mwanamke, kwa sababu aliyelichimba zamani alikuwa mwanamke, jambo ambalo wanaume wa huko hawakupenda kuulizwa. Mimi niliwauliza.

Kulikuwa na desturi. Mzee wa mfereji alipofungua ndiva alisimama ukingoni na kuita malango yote kwa sauti, kuanzia juu mpaka chini, halafu akarudia jina la lango lenye zamu siku hiyo. Walio wengine wakaangalia kama wameziba, mwenye zamu akashika jembe. Aliita hivyo kila asubuhi, na watu walikuwa wamezoea kiasi cha kutosikia tena, kama usivyosikia jogoo wa jirani.

Mume wa shangazi alipofariki, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikata lango jingine kati ya la tatu na la nne. Siku ya zamu ya shangazi alilifungua, maji yakaishia shambani kwake. Shangazi alisimama chini na jembe, akilisikia lango lake likiitwa, na mfereji mbele yake umekauka. Alipomfuata, shemeji alimwambia lango hilo lilichimbwa na babu yake, lilikuwa limezibika tu, yeye amelifufua. Bila maji ya kiangazi shamba lile halikuwa na faida, na mjane asiye na shamba hurudi kwa kaka zake. Hilo ndilo shemeji alilolitaka. Hakulificha sana.

Majirani walinyamaza. Wenye malango ya chini waliogopa asije akawazibia na wao. Mzee wa mfereji alikuwa mjomba wa shemeji huyo, na kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kupotea, hasa zilipohitajika. Baraza la mfumwa, mtawala wetu wa pale mlimani, liliketi asubuhi moja, likanywa pombe mchana, likampa shemeji haki jioni. Shangazi akakata rufaa kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, Same.

Siku ya kusikilizwa nilikuwepo. Nilikuwa napakua magunia stesheni, nikamwona amekuja kwa miguu kutoka mlimani, nikaacha magunia. Chumba cha Bwana Shauri kilikuwa na meza, bendera, na mkalimani aliyetoka Usangi, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. Shangazi alisimama akasema kwa Chasu. Alisema muda ambao mtu angeweza kumenya mkungu mzima wa ndizi. Alionyesha kwa mikono, akahesabu kwa vidole, akashuka mteremko wote pale pale aliposimama. Alipomaliza, Bwana Shauri alimtazama mkalimani.

Mkalimani akasema, "Anasema anataka maji."

Bwana Shauri akasema, "Mwambie maji wanataka wote."

Shauri likaahirishwa mpaka atakapokaa tena, miezi miwili mbele, ili kila upande ulete maneno yenye maana.

Tulipotoka nje shangazi akaniuliza, "Yule kijana alisema nini?"

"Alisema unataka maji."

"Halafu?"

"Basi."

Tulipoanza kupanda akasimama kama anayetoa mwiba mguuni, ingawa hakukuwa na mwiba.

"Mara ijayo nitasema mwenyewe," akasema. "Kwa maneno yao."

Nilimwambia kuna mwalimu palepale kijijini, aende. Ninakiri kwamba mimi ndiye niliyempeleka. Kisha nikashuka Makanya, maana nilisikia wamefunga mashine mpya ya kukamua mkonge na nilitaka kuona inavyofanya kazi. Niliiona. Niliikaribia mno, msimamizi akanitoa, na baada ya wiki tatu nikawa napanda mlima tena.

Nilimkuta shangazi darasani. Alikuwa amesimama mbele ya wenzake na kibao cha kuandikia juu ya kichwa chake chenye mvi. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Watu wazima hawachapwi, serikali imekataza. Kwa hiyo aliyesahau neno alisimama na kibao kichwani mpaka mwingine asahau. Mwalimu aliona hilo ni jambo la kistaarabu.

"Karafuu," alikuwa akisema. "Karafuu. Nini maana yake, mama?"

Shangazi, aliyejua ukoo wa kila mbuzi katika bonde lile, alitazama ukuta.

Nilikuwa mlangoni. Nikauliza, "Mwalimu, wewe karafuu umeiona?"

"Si lazima kuiona. Imo kitabuni."

"Na mama huyu akishaijua ataitumia wapi?"

"Elimu si soko, bwana." Akanitazama toka miguuni, maana miguu yangu ilikuwa na vumbi. "Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tatu."

"Basi," akasema, akageukia ubao. Darasa likacheka. Shangazi naye alicheka, na kibao kikatikisika.

Jioni ile, tukimenya magimbi, nilimuuliza amejifunza nini kwa wiki tatu. Akanitajia: meli, bandari, mnara, zulia. Aliyasema vizuri. Kwa maneno hayo angeweza kumweleza Bwana Shauri kwamba meli imefika bandarini ikiwa na zulia.

"Wewe unataka maneno gani?" nikamuuliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Alifikiri, gimbi mkononi. "Nataka neno la zamu. Nataka la mjane. Nataka la mtu anayechukua kitu na huku anakutazama usoni."

"Dhuluma," nikasema.

"Hilo."

Tukapata maneno kama ishirini. Nikaanza kumfundisha palepale jikoni, na nilimfundishaje? Nilimwambia ayaseme mara ishirini. Mimi, niliyemdharau mwalimu mchana kutwa. Asubuhi yalikuwa yameondoka. Nikarudia, nikapandisha sauti, kana kwamba kasoro ilikuwa masikioni. Siku ya nne aliweka sufuria chini.

"Unajua tofauti yako na yule wa soksi?" akasema. "Soksi."

Wiki hiyo kulikuwa na siku ya kuzoa tope mferejini. Kijiji kizima hutoka, kila nyumba na jembe lake. Nilikwenda naye. Tulianzia ndiva tukashuka, na njiani shangazi akawa anasema bila kuulizwa, kama mtu anayejisemea: hapa jiwe hili liliviringishwa mwaka kaka yako alipozaliwa; hapa ukingo hubomoka masika; hapa ng'ombe wa fulani alivunjika mguu; huyu zamu yake ni siku ya pili baada ya soko, yule siku ya tatu, ila walibadilishana wakati wa msiba. Nyumba zaidi ya ishirini zinazogawana malango yale saba, zamu zao, madeni yao ya kuzoa udongo na ugomvi wa babu zao. Hakusita popote. Alikuwa hajayasoma wala hajayarudia mara ishirini. Yalikuwa yamekaa pale njiani, naye alipopita aliyaokota.

Nikaona nilivyokuwa mjinga. Kichwa kile kilikuwa na nafasi ya kutosha. Sisi tulikuwa tunamwaga maneno nje ya mlango wake na kushangaa kwamba hayaingii.

Kesho yake tukapanda tena mpaka ndiva, wawili tu, nikamwambia tutaacha neno moja kila mahali. Pale juu tukaweka "bwawa" na "kufungua". Kwenye Lango la Jiwe tukaweka "zamu", kwa sababu pale ndipo walipogombania zamu mara ya kwanza, alisema. Kwenye Mkuyu, "shahidi", maana mkuyu umeona yote. Kwenye Lango la Ndama tukaweka "mjane". Sikuuliza kwa nini, akaniambia: mumewe alianguka pale siku ya mwisho aliyotembea.

Tukafika kwenye lango jipya la shemeji. Nilikuwa nimelitunzia neno lake.

"Hapa weka dhuluma," nikasema, nikijiona hodari.

"Hapa siweki kitu."

"Lakini ndipo palipo na jambo lenyewe."

"Nikipaachia neno, nitakuwa nimepapa jina. Pakiwa na jina, pameshakuwa mahali." Akashika kanga, akaruka upenyo ule bila kuutazama, akanisubiri upande wa pili. "Dhuluma nitaiweka kwangu, palipokauka."

Tukafanya hivyo. Siku ya pili alishuka mfereji akiwa peke yake na kuyasema yote. Siku ya tatu aliyasema ameketi jikoni, macho amefumba, vidole vya miguu vikisogea kidogo mavumbini.

Wenzake wa darasani walitaka kujua. Walikuwa wakipita mfereji ule na mitungi kila siku, haikuwagharimu kitu. Wakaanza kuyapanga hata maneno ya kitabuni. Bandari wakaiweka pale wanapotua mitungi kupumzika na kusengenya, na mpaka leo mimi naona hiyo ndiyo maana yake bora. Zulia likawa majani laini chini ya mkuyu. Karafuu ilizunguka kwa siku nzima bila kupata makazi. Mwishowe mmoja akaiweka kwenye kinyesi cha mbuzi kando ya njia, akasema vyote viwili ni vidogo, na kwa kuwa hajaiona karafuu basi hajakosea.

Darasa la alasiri likapungua. Mwalimu akanifuata, saa mkononi.

"Unawaharibia wanafunzi. Wanajibu wakiwa wamefumba macho."

"Wanajibu sawa?"

"Wanajibu. Lakini mmoja akiulizwa neno la saba huanza kutoka la kwanza. Hiyo si elimu. Hiyo ni matembezi."

Inaniuma kusema kwamba kwa hilo alikuwa na haki kidogo. Shangazi naye hakuweza kuanza katikati. Ukimuuliza ghafla "mjane", ilibidi apande kwanza mpaka bwawani.

Miezi miwili ikatimia. Tukashuka Same. Shemeji alikuja na koti. Alikuwa mtu wa koti. Mkalimani wa kalamu mbili alisimama tayari.

"Nitasema mwenyewe," shangazi akasema kwa Kiswahili.

Mkalimani alitabasamu, tabasamu la mtu anayejua ataitwa muda si mrefu. Bwana Shauri akaweka mikono mezani. Shangazi akafumba macho, miguu ikaanza kusogea, akashuka mfereji. Alisema bwawa linavyofunguliwa. Alisema zamu. Alisema shahidi ni wengi ila wana hofu. Alisema yeye ni mjane. Akaruka mahali, niliona goti lake likiinuka kidogo chini ya kanga, akafika kwake palipokauka na kusema neno lake la mwisho. Kilikuwa Kiswahili kilichokatikakatika, lakini kila neno lilisimama mahali pake.

Bwana Shauri hakuelewa nusu.

Kiswahili chake naye alikuwa amekipata kwenye orodha. Nilikuja kuambiwa na mpishi wake kwamba Waingereza hawa walifanyiwa mtihani, na yeye alifaulu. Alijua kuagiza maji ya kuoga. Alijua kuuliza tembo wamepita wapi. Lakini ukingo, kuziba, upenyo wa mfereji, hayo hayakuwa kwenye mtihani wake. Alikaa amekunja uso kama wazee wetu wakati wa karafuu.

"Anasema..." mkalimani akaanza.

Bwana Shauri akainua mkono. Sijui kwa nini. Nadhani hakupenda kuonekana kwamba amefaulu mtihani bure.

Shangazi akafungua fundo la kanga. Alikuwa na mahindi ya kukaanga, riziki ya njiani. Akasogea mezani bila kuitwa, akaweka punje moja juu ya karatasi za serikali.

"Hii bwawa," akasema. "Sema."

Askari wa mlangoni alimtazama mkalimani, mkalimani akatazama dari. Hakuna aliyewahi kumwambia mtu yule "sema".

"Bwawa," akasema Bwana Shauri.

"Hapa Lango la Jiwe."

"Lango la Jiwe."

Akampitisha punje kwa punje mpaka chini, na kila punje akampa jina lake na neno lake. Akampitisha tena. Mara ya tatu akawa anaondoa punje moja moja na kumwacha aseme mahali patupu. Hilo sikumfundisha mimi. Bwana Shauri alikosea kwenye Mkuyu, akarudishwa mpaka juu. Shemeji alianza kusema kitu, akaambiwa anyamaze, na aliyemwambia hakuwa Bwana Shauri, alikuwa shangazi, bila kugeuka.

"Nitakuja kuona," Bwana Shauri akasema mwishowe. Mkalimani akaandika. Punje nne zilibaki mezani, askari akazila.

Wiki mbili baadaye alipanda mlimani na buti zake, mkalimani, na wapagazi wawili. Shemeji hakuwa amekaa bure. Alichinja mbuzi. Mawe ya lango lake aliyatoa akaweka mengine yenye ukungu wa miaka, aliyoyabeba kutoka kijitoni. Alihamisha masale makubwa, mmea tunaoupanda mipakani, akayachimbia pande zote mbili ili paonekane pa tangu zamani. Alifanya kazi nzuri. Mtu asiyejua angesema pale pana umri mkubwa kuliko kanisa. Nilimwangalia akiyamwagilia yale masale kwa maji ya shangazi na nikamheshimu kidogo, jinsi unavyomheshimu panya.

Kijiji chote kilijipanga kando ya mfereji. Mwalimu naye alikuja, na soksi. Bwana Shauri akaanzia ndiva. Alinyoosha kidole, akasema, "Bwawa." Wanawake wakaitikia kwa kichwa. Akashuka. "Lango la Jiwe. Zamu." Akashuka. "Lango la Mkuyu. Shahidi." Alishuka akiwa na uso wa mwanafunzi anayeogopa kibao. "Lango la Ndama. Mjane."

Hatua chache mbele akasimama. Akatazama yale mawe ya ukungu na masale. Akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma mpaka Ndama, akaja tena.

"Hapa sikufundishwa," akasema. "Panaitwaje?"

Shemeji akasogea. "Ni lango la babu yangu, bwana. La zamani sana."

"Jina lake?"

Kila kitu alikuwa amekihamisha pale, isipokuwa jina. Alifungua mdomo. Wanawake tisa wenye mitungi walikuwa wakimtazama, na kila mmoja alijua kwamba angetaja lolote wangelisikia kwa mara ya kwanza.

"Linaitwa... Lango la Babu."

Mmoja wa wanawake akakohoa. Mwingine akasema kwa Chasu, si kwa sauti ndogo, kwamba hata babu mwenyewe anashangaa kaburini.

Bwana Shauri akamgeukia mzee wa mfereji. Mzee akasema umri umekwenda, bwana, mambo ya malango yamemtoka, hakumbuki kama lilikuwepo au halikuwepo. Alisema kwa huzuni nzuri kabisa. Mpwa wake akashusha pumzi.

Ndipo shangazi akasema, "Asikumbuke. Aite tu."

Bwana Shauri hakuelewa. Akamweleza: kila asubuhi huita malango. Aite kama anavyoita.

Mzee akakataa, akisema saa za kuita zimepita. Bwana Shauri akasema aite. Mzee akapanda mpaka ukingoni mwa ndiva akasimama pale aliposimama miaka yake yote, mikono kiunoni, na sidhani kama alipanga lolote, mema wala mabaya. Kifua kikajaa kama kilivyojaa kila asubuhi. Akaita. Jiwe. Mkuyu. Ndama. Mwanamke. Kisha matatu ya chini.

Sauti ilikwenda mpaka bondeni ikarudi. Haikusimama kati ya Ndama na Mwanamke hata kwa pumzi moja.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeshtuka wa mwisho. Alibaki amesimama na mdomo wazi, akimtazama mpwa wake kama mtu aliyemkanyaga bila kukusudia. Angeweza kusema uongo, alikuwa ameusema mwaka mzima. Kuuita hakuweza. Wito ule ulikuwa umesemwa mara nyingi mno.

Nilihisi mtu ananigusa kiwiko. Alikuwa mwalimu.

"Unaona?" akaninong'oneza. "Kukariri."

Nimekuwa na majibu kwa watu wengi maishani mwangu, na mengine yalinifukuzisha kazi. Siku ile nilitazama soksi zake tu.

Bwana Shauri aliamuru upenyo uzibwe. Wanawake waliuziba wenyewe kwa yale mawe ya ukungu, ambayo kwa kweli yalikuwa mawe mazuri. Masale wakayang'oa, kila mmoja akapanda kwake. Mbuzi aliliwa na kila mtu, pamoja na shemeji, aliyekula na koti lake na kuzungumza habari za mvua. Mkalimani alijaza daftari ukurasa mmoja, nikachungulia begani mwake. Alikuwa ameandika: mama amepewa maji. Mwalimu naye alituma taarifa kwamba wanafunzi wake wameonyesha maendeleo makubwa kwa njia ya maneno kumi kwa siku, na mwaka uliofuata akaletewa sanduku la pili la vitabu. Niliambiwa vilikuwa na neno barafu.

Jioni, baada ya wageni kuondoka, nilimuuliza shangazi kitu kilichokuwa kikinisumbua.

"Hili la kuita, ulilifikiria lini?"

"Kufikiria?" Alikuwa anakwangua matope kwenye jembe. "Ndilo neno la kwanza nililosema Same, siku ile ya kwanza. Nilimwambia yule kijana: langu linaitwa, lake haliitwi. Kisha nikasema mengine."

Siku ile na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, Chasu naielewa tangu titi la mama, na sikulisikia. Nilikuwa nahesabu kalamu za mkalimani.

Zamu yake ilikuwa siku ya nne. Aliniamsha, nikasimama naye shambani na jembe. Juu kule mzee aliita, sauti yake ikiwa ya chini kuliko kawaida, akarudia Mwanamke. Tukangoja. Kwanza yalifika majani makavu yakisukumwa, na povu chafu, na mende wawili. Kisha maji yenyewe, mekundu, yakajaza mfereji mpaka ukingoni. Shangazi akatoa jiwe la lango kwa mguu.

Tulifanya kazi mpaka jua likapanda. Niliponyoosha mgongo niliona vumbi la lori kule chini, kwenye barabara ya Same, na nikawa najiuliza limebeba nini.

"Nenda," shangazi akasema, bila kuinua kichwa. "Kuni umeshachanja."